Vitambaa vya Uzi wa Njano

Shangazi yangu anaitwa Bi Povu, na ukiuliza sababu utapata majibu mawili. Wanaomheshimu watakwambia ni kwa ajili ya sabuni, maana ameishi na sabuni tangu usichana wake. Waliowahi kumkosea watakwambia umkosee na wewe kwanza, utaliona povu lenyewe. Mimi ni binti wa kaka yake, kanilea yeye, nafanya naye kazi, na nimegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Kwa hiyo nasema bila kigugumizi kwamba majibu yote mawili ni ya kweli.

Kazi yetu ni kufua. Si kufua kwa beseni uani kwa watu. Ni kiwanda kidogo cha kufulia, kwenye uchochoro nyuma ya barabara kuu, ambako tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Ukifungua mlango asubuhi joto linakudaka usoni. Rangi ya kuta ilikuwa nyeupe, ila mvuke umeshaibandua kwa mapande, na kila mwaka tunaahidiwa rangi mpya. Kushoto ni nguo chafu, kulia ni nguo safi, na katikati ya sakafu umechorwa mstari mwekundu. Ukiuvuka mstari ule na ndoo chafu, heri ungeuvuka na nyoka.

Mimi nakaa dirishani na cherehani. Ni fundi wa viraka. Shuka likichanika linaletwa kwangu, na kila shuka jipya lazima lipite mikononi mwangu nilitie alama ya uzi pembeni: buluu kwa hospitali, nyekundu kwa nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, kijani kwa ile ya mlimani. Bila nyuzi hizo mgonjwa angelalia shuka la bwana harusi, na bwana harusi angelalia sijui nini. Hata usingizini naziona nyuzi.

Shangazi aliingia pale akiwa msichana wa kukamua nguo, enzi za baba yake Tajiri. Tajiri ndiye mwenye kiwanda wa sasa, na ndivyo tunavyomwita wote, ingawa gari lake linasukumwa mara nyingi kuliko linavyoendeshwa. Alikuja kukikuta kiwanda kinakwenda, na Shangazi yumo ndani yake kama nguzo. Mumewe Shangazi alimwacha mapema, akidai mikono yake inanuka sabuni. Mwanamke aliyemfuata hakunuka sabuni, na baada ya muda mfupi bwana yule alikuwa anapita uchochoroni kwetu na shati lenye kola nyeusi, anaomba lifuliwe. Shangazi alilifua, akalipiga pasi, akamkabidhi na stakabadhi kama mteja mwingine yeyote. Mimi ningelichoma.

Mama yangu alipofariki, Shangazi ndiye aliyenichukua. Alinifundisha kazi kwa maneno machache na makofi ya mgongoni. Kila doa ana namna ya kulijua: la chai, la yai, la dawa ya kidonda, la mafuta ya gari. La damu ndilo alilolisomea zaidi, kwa sababu ya hospitali. "Maji baridi kwanza," anasema kwa kila anayeanza kazi. "Damu na maji ya moto hawaivi chungu kimoja. Ukiitia maji ya moto umeipika, na umeshaikaribisha ikae." Nimemwona akipokea shuka la chumba cha upasuaji ambalo mtu mwingine angeligeuzia uso, akalikunjua taratibu, akalitazama, kisha akaanza kazi. Shuka hilo lilitoka pale likiwa jeupe kiasi cha kuumiza macho.

Balaa letu lilianzia chooni.

Choo cha wanawake pale kiwandani ni kimoja, na bomba lake linakutana na bomba la maji ya mashine kwenye chemba iliyo uani, yenye mfuniko wa zege. Wanawake tuko wengi, na kila mmoja ana siku zake. Pedi za dukani tulizokuwa tukitumia zilikuwa na mwisho mmoja tu. Pipa hatukulitumia kwa sababu lilikuwa halina mfuniko, na wanaokuja kuzoa taka ni wanaume wenye midomo. Tulijaribu kuzichoma nyuma ya ukuta, moshi wake mweusi ukatua kwenye mashuka yaliyoanikwa, tukafua upya. Basi ikabaki kuzitumbukiza chooni, kuvuta maji, na kujifanya hatujui zinaenda wapi.

Zilikuwa haziendi popote. Pedi ikinywa maji inavimba, inakaa kwenye kona ya bomba, inamsubiri mwenzake. Fundi bomba, mzee mmoja mwembamba mwenye utani usiokwisha, alikuwa anazichomoa na waya wake na kuzipanga juu ya zege kama mtu anayeuza samaki. "Hii ni ya mwaka juzi," alisema siku moja akiinua moja. "Tazameni, bado nzima kuliko mimi." Tulicheka huku tumeziba pua. Kwake yeye ile ilikuwa kazi ya kudumu.

Kisha ikaja siku ya mafuriko. Maji machafu yalipanda kupitia kitundu cha sakafuni, yakauvuka mstari mwekundu bila kumwogopa mtu, yakalowesha rundo la mashuka ya chumba cha upasuaji yaliyokuwa yamekwisha kukunjwa. Hospitali ikampigia Tajiri. Alipofika alikuwa ameshatukanwa huko alikotoka, na akayaleta yote kwetu. Alisimama mlangoni suruali ameikunja, akamwita Shangazi mbele yetu sote.

"Mama, wewe ndiye msimamizi hapa," alisema. "Hospitali wakiondoka, kiwanda kimekufa. Choo hiki kikiziba tena, usimwite fundi bomba. Chukua mkoba wako uende nyumbani."

Si mtu mbaya Tajiri, alikuwa amebanwa. Lakini siku ile nilitamani kumtia kwenye mashine ya kukamulia. Shangazi angeweza kujitetea. Angeweza kusema ni fulani na fulani, maana mtu anayesoma madoa kama yeye hakosi kujua nani yuko kwenye siku zake. Alisema, "Nimesikia, Tajiri," akachukua ufagio, akaanza kuyasukuma maji nje. Nilimwangalia mgongo wake nikaingiwa na woga, kwa sababu najua Shangazi bila ile kazi ni mtu gani. Ni mtu ambaye Jumapili mchana ananyang'anya majirani mapazia yao ili apate cha kufua.

Kesho yake wakati wa chai alitukusanya kwenye chumba cha kukunjia. Povu lilitoka, lakini halikuwa lile tulilolizoea.

"Damu ya mgonjwa msiyemjua mnaisugua kutwa nzima kwa mikono yenu," alisema. "Ya kwenu wenyewe mnaionea haya, mnaitupa kwenye bomba. Hivi sisi ni wafuaji wa namna gani?"

Mama Mapacha, mwenzetu ambaye hajawahi kushindwa kusema, alitazama kikombe chake.

"Tutavaa vya kitambaa," Shangazi aliendelea. "Tutafua wenyewe. Kama tutashindwa sisi, nani ataweza?"

"Kama bibi zetu?" Mama Mapacha akapata sauti. "Shangazi, si tulishatoka huko?"

"Bibi yako alikuwa na mashine ya kufulia?"

"Hakuwa nayo."

"Basi usimsingizie."

Kazi ya kushona iliniangukia mimi. Nyumba za wageni hutuachia taulo zilizochakaa tufanye matambara, nikazikata hizo ziwe za ndani. Juu nikaweka flaneli ya mashuka ya zamani, laini kabisa, na chini kipande cha koti la mvua lililokwisha kazi, lisilopitisha maji. Nikatia mabawa mawili na kifungo cha kubonyeza. Nikisema ukweli, vilinipendeza. Na kwa kuwa mkono wangu haujui kushona kitu bila alama, kila mwanamke nikamtilia uzi wa rangi yake pembeni, visije vikachanganyika. Mama Mapacha alitaka dhahabu, nikampa zambarau. Kimya nikampa kijani. Shangazi alichagua njano.

Huyo Kimya ni msichana aliyekuwa mgeni kuliko wote pale, na jina lake halihitaji maelezo. Angeweza kumaliza wiki nzima amesema "ndiyo" na "asante" tu. Kazi yake ilikuwa kupokea na kukabidhi mizigo kaunta, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, na alivaa gauni la kazi la buluu mpauko. Yeye ndiye aliyekubali kuwa wa kwanza. Sidhani alikubali hasa. Nadhani alishindwa kukataa.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyevifua vile vitambaa vipya kabla ya kuvigawa. Alivifua kama vinaenda kuvaliwa na malkia. Akavisuuza mara ya mwisho na dawa ya kulainishia nguo, ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya maua, na mkono wake haukuwa wa choyo. Ulaini ndio sifa ya kiwanda chetu. Hakuna kitu kinachotoka pale bila dawa ile, na hakuna kati yetu aliyewaza hata kidogo. Tulivipitisha mashavuni tukasema ahaa, hariri.

Kimya alivaa chake asubuhi. Kabla ya saa ya chakula alikuwa amesimama kaunta akihesabu foronya na dereva wa hospitali, na dereva yule, mtu mzima mwenye binti zake, akainamisha macho akasema polepole, "Dada, hebu kaa kwanza." Gauni la buluu lilikuwa limeharibika nyuma. Damu haikuwa imenyweka hata kidogo. Ilikuwa imeteleza juu ya kile kitambaa ikatafuta njia pembeni. Kimya hakulia. Alijifunga shuka kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, na kesho yake hakuja kazini.

Kelele zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Mama Mapacha aliapa kurudi kwenye pedi zake za dukani siku hiyohiyo. Wengine walivirudisha vitambaa mezani kwangu kama vile mimi ndiye niliyevunja ungo wao. Nikamgeukia Shangazi, kwa hasira, nikamwambia amemwaibisha mtoto wa watu bure. Alikuwa ameshika kitambaa kimoja, anakitazama kwa lile jicho lake la madoa. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone juu yake.

Tone likasimama, la duara, linang'aa. Akainamisha kitambaa, likabingirika likaanguka sakafuni.

"Ile dawa," alisema.

Ndipo tukakumbuka. Wageni wa nyumba ya mlimani waliwahi kulalamika kwamba taulo zetu ni laini kweli ila hazikaushi mwili, mtu anajifuta na anabaki na maji yake. Shangazi aliwatolea povu la mwaka mzima. Kumbe walikuwa na haki. Dawa inakivika kitambaa mafuta, na kilichovikwa mafuta hakinywi kitu. Wanawake wengine wangeshona vitambaa vile, wangevifua kwa sabuni ya mche, vingefanya kazi bila tatizo. Ni sisi tu, na maringo yetu ya ulaini, tulioweza kuviharibu.

Jioni Shangazi alifunga safari hadi chumba alichopanga Kimya, na mimi nikamfuata kwa sababu nilitaka kusikia. Ni chumba kimoja chenye pazia katikati, jiko upande huu, kitanda upande ule. Lile gauni la buluu lilikuwa limelowekwa kwenye ndoo, kwa maji baridi, kama tulivyofundishwa. Shangazi aliliona, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la kitambaa, si lako. Nilitia dawa ya kulainisha. Miaka yote hii nafua, nikakosea kitu cha wanafunzi. Nisamehe, mwanangu."

Katika maisha yangu sijawahi kumsikia Shangazi akimwomba mtu radhi. Mimi mwenyewe namdai samahani tangu utoto. Kimya alitazama ndoo, akasema, "Ndiyo." Halafu, "Asante." Keshokutwa yake alikuja kazini.

Tulivichemsha vile vitambaa vyote, tukavisuuza, tukavichemsha tena bila hata tone la dawa, mpaka maji yakidondoka yanapotelea ndani mara moja. Havikuwa hariri tena, vilikwaruza kidogo kama taulo ya mtu mnyofu. Lakini vilinywa. Kimya akavaa tena, kwa moyo ambao mimi nisingekuwa nao, na siku ikapita salama. Mama Mapacha akamfuata kwa kunung'unika, na baada ya kuona upele wa joto uliokuwa ukimsumbua kila mwezi umekoma, akageuka akawa mhubiri. Sasa yeye ndiye anayemshauri kila mwanamke anayepita, hata asiyeuliza.

Kilichobaki ni kuanika. Na hapo ndipo tulipokwama wote, na Mama Mapacha na uhubiri wake.

Uani kwetu kuna kamba ndefu, na jua liko upande wa mbele tu, upande wa uchochoro, ambako wapita njia wanaona kila kitu. Nyuma kuna kivuli kutwa. Wanawake wakawa wanavificha vitambaa: chini ya shuka, ndani ya foronya, nyuma ya tangi la maji, mmoja hata ndani ya buti. Vikawa vinakauka nusu, vinanuka ukungu, na wawili wakaanza kuwashwa. Minong'ono ya pedi za dukani ikarudi. Niliona wazi kinachokuja: wiki moja au mbili, bomba litaziba, na Shangazi atachukua mkoba wake.

Asubuhi moja nilifika nikakuta vitambaa viwili vimebanwa mbele kabisa ya kamba, kwenye jua kali, uzi wa njano unaonekana kutoka barabarani. Shangazi alikuwa amesimama chini yake anakunywa chai.

"Vya nani hivyo?" Mama Mapacha akauliza, ingawa rangi alikuwa anaijua.

"Vyangu."

"Shangazi! Na umri huo bado?"

"Kwani umri wangu umekukosea nini?"

Alitaniwa mwezi mzima. Waliosema amekunywa dawa za ujana walikuwepo, waliomuulizia mchumba walikuwepo. Muuza maji anayepita na mkokoteni aliuliza ni leso za nani, Shangazi akamjibu kwa ufasaha hata mkokoteni ukaenda wenyewe. Na kila mwezi vile viwili vikawa vya kwanza kwenye kamba. Siku moja kando yake kikatokea cha zambarau. Halafu vingine. Cha kijani kilikuwa cha mwisho, kimebanwa karibu kabisa na vya njano kama mtoto aliyejibanza kwenye nguo ya mama. Miwasho ikaisha, harufu ikaisha. Choo kikawa kinavuta maji mpaka fundi bomba akaja mwenyewe kuuliza kama tumehamia kwa fundi mwingine.

Mimi niligundua kwa bahati, kwa sababu ya cherehani. Bawa la kimoja cha njano lilikuwa limefumuka, Shangazi akaniletea nilishone. Niliketi dirishani nikakigeuza kwenye mwanga. Sasa, kitambaa kilichovaliwa, hata ukifue namna gani, mfuaji anakijua. Kwenye mshono, pale uzi unapoingia, hubaki kivuli kidogo ambacho mteja hawezi kukiona. Mshono wa kile ulikuwa mweupe kama siku niliyoushona.

Nikaenda kuanua cha pili. Hivyohivyo.

Nilimkuta peke yake kwenye mashine. "Shangazi, hivi havijawahi kuvaliwa."

Akatazama nyuma yangu kwanza. "Punguza sauti."

"Tangu lini?"

"Duka nilishafunga siku nyingi. Wewe bado ulikuwa shuleni."

"Sasa unaloweka nini? Unaanika nini kila mwezi, unataniwa na kila mtu?"

Alizima mashine ili asipaze sauti. "Anayeanika wa kwanza ndiye anayetazamwa," alisema. "Kimya akitazamwa, ataacha kazi. Wewe ukitazamwa, utapigana. Mimi wakinitazama sipungui kitu. Na usiponifunga hilo bawa vizuri, utaniona."

Nilikishona kile kitambaa huku machozi yananilenga. Nilikuwa nimemwonea haya kwa ule utani wote, nimemwona mzee asiyejua kujistahi, kumbe alikuwa amejisimamisha pale juani ili wengine wapate kivuli. Nampenda Shangazi yangu. Sijawahi kumwambia, na akisomewa haya atasema nimekosa kazi. Siri yake niliificha, au nilidhani ninaificha.

Tajiri alikuja wiki chache baadaye, mchana wa jua kali. Mwenye nyumba ya wageni ya karibu na stendi alikuwa amempigia. Alisema ameleta mashuka, akakaribishwa na kamba iliyojaa mambo ya wanawake. Tajiri aliliacha gari katikati ya uchochoro, mlango wazi, akamkuta Shangazi chini ya kamba. Sisi wote tulijazana dirishani kwangu.

"Mama, nini hiki?" Alikuwa anatazama pembeni, anaelekeza kwa mkono tu. "Vya nani hivi?"

"Vyangu," alisema Shangazi.

"Vyote?"

Shangazi akaitazama kamba, zambarau, kijani, chungwa, nyeusi, rangi zote nilizokuwa nazo kwenye kopo. Hapakuwa na hata kimoja alichokihitaji.

"Vyote."

Hata Tajiri alijua hilo haliwezekani. Amekua akimwona mama huyu tangu akiletwa pale mgongoni, na sasa anazungumza naye habari ambazo hata kwa mkewe anazikwepa. "Viondoe," alisema. "Wateja wanaona. Viondoe leo, la sivyo mimi na wewe tutaachana."

Shangazi akiviondoa, vitarudi kwenye mabuti na foronya, kisha pedi, kisha bomba. Asipoviondoa, anafukuzwa saa hiyohiyo. Shangazi alijifuta mikono kwenye aproni.

"Kabla hujanifukuza, Tajiri, funua chemba."

"Nini?"

"Chemba. Hiyo hapo miguuni kwako. Uliniambia choo kisizibe. Funua uone."

Akasitasita, kisha akainama na viatu vyake vya ofisini, akausukuma mfuniko wa zege. Kutoka dirishani tuliyasikia maji. Yalikuwa yanapita chini kwa sauti ndogo ya furaha, maji ya sabuni na basi. Alichuchumaa pale kwa muda. Alipoinuka mkono wake ulikuwa na vumbi, na hasira ilikuwa imepungua, ila hakujua aiweke wapi iliyobaki.

"Basi angalau vianikwe nyuma," alisema.

"Nyuma hakuna jua."

"Mama, mimi nitawaambia nini wateja?"

Shangazi alifungua mdomo kumjibu. Lakini mlango wa uani ulikuwa umeshafunguka, na Kimya alikuwa anatoka. Sijui aliondoka saa ngapi dirishani. Nilidhani yuko nyuma yangu. Alipita katikati yao, akaenda kwenye kamba, akakishika cha kijani kwa vidole, akakipeleka shavuni kama tunavyopima shuka.

"Hiki changu bado kibichi," alisema. Akakigeuza, akakibana upya. Kisha akamgeukia Tajiri, kwa adabu zote. "Samahani, Tajiri. Naomba usogee kidogo, unatukingia jua."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Tajiri akatazama kivuli chake mwenyewe, kimelala juu ya vitambaa, na akasogea. Alisogea tena, na tena, mpaka akafika kwenye gari. Alipokuwa anafunga mlango alimwambia Shangazi kwamba hospitali wanataka mashuka yao mapema kesho. Habari ya kamba hajaigusa tena mpaka leo, na mkoba wa Shangazi bado unaning'inia kwenye msumari wake.

Jioni, wakati wa kuanua, Kimya aliitangulia mikono yetu sote. Alivishusha vile viwili vya njano, akavikunja kwa namna tunavyokunja vitu vya hospitali, kona kwa kona, akamletea Shangazi pale alipokuwa anakusanya vibanio.

"Hivi vipumzishe sasa, Shangazi," alisema taratibu. "Tutaanika wenyewe."

Nilishtuka. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye ni mfuaji, na kwamba kwa miezi yote ile kitambaa chake kilikuwa kinakauka ubavuni mwa vya njano. Shangazi alivipokea. Nilisubiri povu, la hasira au la utani, lolote. Alisimama na vibanio mdomoni. Akavitia vile viwili kwenye mfuko wa aproni, akatoa vibanio mdomoni, akatuuliza kama mashuka ya hospitali yameshapigwa pasi.